Kiu ya Mizabibu ya Dodoma

Anayetaka kuona mzabibu ulioshiba maji aende Dodoma mwezi wa Machi. Atakuta machipukizi yamevuka waya wa juu na kuangukia upande wa pili, majani yametanda hadi jua halipenyi, na vichala vimejificha kivulini, vizito, vya kutamanisha, vingine vimeshaanza kuoza. Anayetaka kuuona mzabibu huohuo una kiu aende mwishoni mwa Agosti. Shamba ni lilelile na mkulima ni yuleyule, ila zabibu ni nyingine kabisa, na anayezikamua atakwambia hivyo kabla hujamuuliza.

Mimi nilichagua Agosti. Nilipanda treni ya umeme Dar es Salaam asubuhi. Tangu ianze kubeba abiria mwaka 2024, safari iliyokuwa ikimaliza siku kwenye basi imekuwa ya saa tatu na ushei. Omba kiti cha dirishani. Hadi Morogoro macho yanaona kijani, kisha treni inaingia kwenye mahandaki ya Kilosa, na ikishatoka huko nchi inaanza kubadilika rangi. Mibuyu haina hata jani. Mito ni mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati ya mchanga huo utaona wanawake wameinama kwenye mashimo waliyochimba, wakiteka maji kwa kata na kujaza madumu. Maji ya Ugogoni, nchi ya Wagogo, wakati wa kiangazi hayajaisha, yamekwenda chini. Habari yote ya zabibu za Dodoma imo humo.

Wanaotajwa kuleta mizabibu hapa ni wamisionari Wakatoliki kutoka Italia waliokuwa Bihawana katika miaka ya 1950, watu waliohitaji divai ya misa na walioiona nchi kavu yenye mawe wakakumbuka kwao. Serikali nayo ikaja na kiwanda chake, DOWICO, ambacho baadaye kilikufa, lakini mizabibu haikufa pamoja nacho. Ilibaki kwenye mashamba ya wananchi, na aina iliyotawala hadi leo imechukua jina la Makutupora, mahali palipo na kituo cha utafiti wa zabibu kaskazini mwa mji.

Ukiangalia hesabu ya mwaka peke yake, mvua ya Dodoma haitishi: wastani ni kati ya milimita 550 na 600. Bordeaux, Ufaransa, wanapata karibu 900, lakini zao zinagawanyika mwaka mzima. Za Dodoma zinashuka zote kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo, halafu mbingu inafungwa kwa miezi saba hivi, huku jua na upepo vikiwa na uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000 za maji kwa mwaka. Ulaya mzabibu hulazwa na baridi. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, hivyo anayeamua ulale au uamke ni mkulima na mkasi wake. Akishapogoa, macho yanachipua baada ya siku chache, na miezi minne hivi baadaye anavuna. Ndiyo maana kuna mavuno mawili: ya Machi, yaliyokua ndani ya mvua, na ya Agosti na Septemba, yaliyokua kwa unyevu uliobaki ardhini na maji ambayo mkulima ameyaleta kwa nguvu zake.

Shamba la kwanza nililoingia liko upande wa Mpunguzi, kwenye barabara ya Iringa. Bodaboda alinishusha kwenye uzio wa miiba. Mwenye shamba, mzee wa Kigogo, alinipokea kwa "Mbukwa", nikajibu nilivyoweza, kisha nikamwamkia shikamoo ili turudi kwenye lugha ninayoimudu. Hana mipira ya matone. Ana kisima kifupi alichochimba kando ya korongo, na mwezi wa Agosti kisima hicho kinampa madumu ya kuhesabu. Alipopanda alichimba mtaro wa zaidi ya nusu mita kwenda chini, akaujaza samadi na udongo wa juu, na anasema mtaro huo ndio tangi lake.

"Mwanangu, usiangalie majani," aliniambia. "Majani yanadanganya. Njoo huku."

Akanipeleka kwenye ncha ya chipukizi. Pale mwishoni pana kijani kichanga kilichojikunja, na pembeni yake vikono vyembamba ambavyo mzabibu hutumia kujishikiza kwenye waya. Kwenye tawi lililoshiba, vikono vile vinarefuka hadi vinaipita ncha, vinapapasa hewani vikitafuta pa kushika. Tawi alilonionyesha lilikuwa tofauti. Vikono vilikuwa vifupi, vimelegea, kimoja kilidondoka nilipokigusa. Ncha yenyewe ilikuwa imesimama, haina haraka ya kwenda popote, lakini majani ya chini yake yalikuwa bado kijani kizito, hayajanyauka. Akasogea mistari michache mbele na kunionyesha mche mwingine, kwenye kichuguu cha mchanga ambapo mtaro haukufika vizuri. Huko ncha ilikuwa imekauka kabisa, majani ya chini yamegeuka njano na kuanguka, na vichala vimebaki wazi juani vikiwa na punje zilizosinyaa.

"Ule una kiu," akasema akinyoosha kidole nyuma. "Huu unakufa."

Anachokisoma mzee kwa vidole kimeelezwa na wataalamu wa mimea. Mzizi ukianza kukutana na udongo mkavu hutengeneza asidi ya absisiki, ambayo hupanda pamoja na maji hadi majanini na kuvifanya vile vitundu vidogo vya kupumulia vijibane. Hivyo mmea unapunguza maji unayopoteza. La kushangaza ni mpangilio wa mzabibu katika kujinyima. Kinachosimama kwanza ni kurefuka kwa matawi. Kazi ya kutengeneza sukari inaendelea muda mrefu baada ya hapo. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mzabibu hauna tena matawi machanga ya kulisha, ila bado unapika sukari, na sukari hiyo inakwenda kwenye vichala. Kiu ikizidi hapo, vitundu vinafungwa kabisa, jani linaacha kupika, sukari inasimama, na kinachoongezeka kwenye punje ni usinyaaji tu. Watu wengi wanaosikia kwamba mzabibu hupenda taabu wanaishia kwenye nusu ya kwanza ya habari hii.

Tena kiu hiyo ina ratiba. Ikija wakati wa maua, maua yanapukutika na kichala kinabaki na mapengo. Ikija punje zikiwa bado ngumu na za kijani, zinabaki ndogo, na hata ukimwaga mto mzima baadaye hazifidii kimo zilichokipoteza. Baada ya hapo punje hulainika na kuanza kupata rangi, na mambo hubadilika ndani yake: mishipa iliyokuwa ikileta maji kutoka mizizini hufifia, na sehemu kubwa ya kinachoingia sasa hupitia mishipa inayobeba sukari.

Kwa mla zabibu, udogo wa punje ni hasara. Kwa mtengeneza mvinyo mwekundu ni neema, kwa sababu rangi, ukakasi na sehemu kubwa ya harufu vimo kwenye ganda. Mzee alipasua punje moja kwa kisu chake cha kupogolea akaniwekea kiganjani. Ganda lilikuwa nene, jeusi kuelekea zambarau, nyama yake kidogo na haina rangi, na mbegu zimegeuka kahawia. Nikaitafuna kama alivyoniagiza, ganda na mbegu pamoja. Utamu ulikuja mwanzo, ukafuatwa na ukali uliokausha ulimi. Fanya hesabu ya shuleni: punje yenye kipenyo cha milimita 14 ina ujazo karibu mara 2.7 ya ile ya milimita 10, lakini eneo la ganda lake limeongezeka mara 2 hivi tu. Kinachozidi ni maji, na rangi ya ganda hilo sasa inapaswa kuyatosha yote.

Usiku wa Agosti nao unasaidia. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wakati huo wa mwaka, jua likizama, watu wanatafuta masweta. Ubaridi huo unaifanya zabibu isipoteze uchachu wake haraka, na rangi inakaa vizuri zaidi kuliko kwenye nchi yenye joto la usiku na mchana. Upepo ule unaoudhi wageni na kujaza vumbi kwenye meno unakausha majani, kwa hiyo ubwiri vinyoya hauna pa kuota. Machi ni kinyume. Ubwiri huo unapanda na mvua, mkulima anapuliza dawa, mvua inaiosha, anapuliza tena. Na zabibu zilizokaribia kuiva zikipigwa na mvua kubwa, punje zinavimba hadi ganda linapasuka na nyuki wanawahi kabla ya mvunaji.

Kutoka Mpunguzi nilirudi mjini, na kesho yake nikaenda upande wa Chamwino. Huko shamba lilikuwa la aina nyingine: mistari iliyonyooka, nguzo, waya, na mipira myeusi ya matone imelala chini ya kila mstari. Mama mwenye shamba alikuwa anasimamia uvunaji. Vijana walikata vichala na kuvipanga kwenye kreti, na ardhi chini ya mizabibu, asubuhi ya kuvuna, ilikuwa imelowa.

Nilimuuliza, kwa heshima yote, kwa nini maji bado yanatoka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

"Kaka, njoo uone mzani."

Mzani ulikuwa chini ya mwembe, na mnunuzi alikuwa ametuma kijana mwenye daftari. Kreti inapanda, namba inasomwa, inaandikwa, kreti inashuka. Hakuna aliyepima sukari. Kifaa cha kuipima ni kidogo, kinaingia mfukoni: unadondoshea tone la maji ya zabibu, unakielekeza kwenye mwanga, unasoma. Zabibu ikisoma 18 kwa kipimo cha sukari cha Brix itatoa mvinyo wenye kilevi cha asilimia 10 hivi. Ikisoma 23, karibu 13. Pale mwembeni zote zilikuwa bei moja kwa kilo. Maji ya wiki za mwisho hayawezi kuikuza punje sana, kwa sababu ile mishipa ya maji imeshafifia, ila yanaizuia isisinyae. Na punje zikisinyaa kwa sehemu moja ya kumi, katika kila tani mkulima amepoteza kilo 100. Mama yule alikuwa na ada za shule na deni la pampu. Akili yake ilikuwa sawasawa kabisa. Sijui ni mwandishi gani wa kitabu cha mvinyo angesimama chini ya mwembe ule akamshauri afunge koki.

Huko nje jambo hili lilishughulikiwa kwa sheria na kwa utafiti. Ufaransa, kwa miongo mingi, ilikataza kumwagilia mizabibu ya mvinyo wenye jina la mahali, na ni katika karne hii ndipo kanuni zilipoanza kulegezwa. Gérard Seguin wa Bordeaux alitumia miaka mingi kuchunguza udongo wa mashamba mashuhuri ya huko, na alichokikuta hakikuwa madini ya siri. Kokoto za Médoc zinapitisha maji ya mvua haraka, ilhali mizizi inazama chini na kupata kidogokidogo. Pomerol kuna udongo wa mfinyanzi, kinyume kabisa cha kokoto, lakini nao unaachia maji kwa uchache. Udongo wa namna mbili tofauti, matokeo yaleyale. Waaustralia, ambao bila umwagiliaji mashamba yao mengi yasingekuwepo, walikwenda njia nyingine. Peter Dry na Brian Loveys waligundua kwamba ukimwagilia upande mmoja wa mizizi na kuacha mwingine ukauke, kisha ukabadilisha, mizizi ya upande mkavu inatuma ile ishara ya kiu majanini wakati upande wa pili unanywa. Mmea unajibana huku una maji. Mipira miwili kwa kila mstari badala ya mmoja, na koki mbili. Kwa shamba lenye matone tayari, hicho si kitu cha ajabu. Kinachokosekana ni mtu wa kulipia matokeo yake.

Hombolo nilikwenda kwa sababu ya chumvi. Ni mwendo wa kilomita 40 hivi kaskazini mashariki mwa mji, na bwawa lake, lililozuia mto Kinyasungwe Mdogo, linaonekana kwa mbali kama jibu la kila kitu. Ukikaribia unaona ukingo mweupe pale maji yalipojitenga na ardhi. Maji yale yana chumvi, na kila mwaka kiangazi kinapoyapunguza, chumvi inabaki kwenye maji machache zaidi. Kwenye shamba moja karibu na bwawa majani ya mizabibu yalikuwa yameungua pembeni, mstari wa kahawia umelizunguka jani baada ya jani, na udongo chini ya mpira wa matone ulikuwa na ukoko unaovunjika chini ya kiatu. Hapo mzabibu umesimama kwenye tope na bado una kiu, maana chumvi inayavuta maji yabaki udongoni na mzizi unashindwa kuyachukua. Kiu hii haina faida. Haichagui wakati, haiachii, na mwaka unaofuata inaanza pale ilipoishia, isipokuwa mvua kubwa ipite na kuisukuma chini.

Mvua kubwa. Huko Makutupora neno hilo lina uzito wake. Chini ya bonde lile kuna hazina ya maji ambayo imekuwa ikinywesha mji wa Dodoma kwa visima virefu vya Mzakwe, na kina cha maji hayo kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 watafiti, Watanzania wakiwemo, walichapisha walichokiona kwenye rekodi hiyo ya miaka 55: hazina ile haijazwi kila mwaka. Misimu mingi ya mvua inapita bila kuongeza kitu cha maana. Inayoijaza ni misimu michache ya mafuriko, na mkubwa kuliko yote ni ule wa El Niño ya 1997 na 1998, mvua ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa madaraja yaliyokwenda na maji. Kwa hiyo sehemu ya maji yanayovutwa kwa pampu leo ni ya msimu ambao vijana wanaoendesha pampu hawakuwa wamezaliwa.

Na wanaoyagombea wameongezeka. Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, ikachukua muda wake, kisha kuanzia 2016 ikahamia kweli. Ukitoka mjini kuelekea Msalato na Veyula unaona nyumba zinavyopanda kule ambako palikuwa na mizabibu, kila moja na tangi lake jeusi juu ya paa. Katika mgogoro wa bomba la jikoni na mpira wa shambani, mshindi anajulikana. Sina ubishi na hilo. Mtu anywe kwanza. Lakini ndiyo sababu naona zabibu ya Agosti, inayohitaji maji machache yaliyowekwa kwa wakati wake, ina nafasi Dodoma kuliko zabibu inayouzwa kwa uzito. Kwenye nchi kama hii, kuuza maji ndani ya ganda la zabibu ni biashara ya ovyo.

Jioni ya mwisho nilikaa na kijana mmoja anayekamua zabibu kwenye uwanja wa nyumba yake, pembezoni mwa mji. Biashara yake kubwa ni mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ambao bado haujafungashwa, ambao anauza kwa ujazo kwa wenye viwanda vya kufungasha. Alinimiminia glasi mbili, zote za Makutupora, zote za shamba moja. Ya Machi ilikuwa nyekundu hafifu, nikiinyanyua naona vidole vyangu upande wa pili. Ina uchachu mkali na harufu ya majani mabichi, na ikishamezwa imekwisha. Ya Agosti, ya mwaka uliotangulia, haikuonyesha vidole. Ilikuwa na ule ukali nilioutafuna Mpunguzi, ila umetulia, na joto la kilevi likibaki kooni.

"Bei?" nikauliza.

"Moja. Wakija na lori nachanganya, hii inaibeba ile."

Hata hivyo ameanza kujaribu. Ameagiza kile kifaa cha mfukoni, na msimu huu amewaambia wakulima kadhaa kwamba atakayefunga maji wiki tatu kabla ya kuvuna, na zabibu zake zikasoma 22 au zaidi, atamlipa nyongeza kwa kilo inayozidi kile anachopoteza kwenye mzani. Nilimtajia mzee wa Mpunguzi, ambaye hana koki ya kufunga na tayari zabibu zake zimefika huko. Akaniomba namba yake, kisha akaanza kupiga hesabu ya usafiri: kreti ngapi, gari gani, mafuta kiasi gani kwenda na kurudi. Haikukaa sawa, akafuta, akaanza upya. Wawili kati ya wale aliowaambia wamekubali. Wengine wamesema watangoja kwanza waone kama wale wawili watalipwa.